Fyuzi Ilikuwa Nzima: Kisa cha Gari Lililovutwa kwa Ugonjwa Ambao Halikuwa Nao

Fyuzi ya taa za breki niliyoichomoa kwenye gari lile ilikuwa nzima kabisa. Kiwaya cha ndani hakikukatika, plastiki haikuyeyuka, miguu yake ilikuwa inang'aa. Rangi yake ilikuwa kijani. Nilipogeuza kifuniko cha kisanduku cha fyuzi na kusoma mchoro uliobandikwa ndani yake, nikaona mahali pale panatakiwa nyekundu. Nyekundu ni ampea 10. Kijani ni ampea 30. Hapo nikajua nimeshika ncha ya uzi, ingawa gari lililetwa kwangu kwa habari nyingine: niliambiwa giaboksi imekufa na tairi la nyuma limepasuka njiani likivutwa.

Ndani ya wiki tatu gari hilo lilipita mikononi mwa watu wanne, na wote walitaka kusaidia. Kila mmoja aliliacha likiwa na ubovu zaidi ya alioukuta. Nimewasikiliza wote isipokuwa mpita njia mmoja, nimekagua kila kilichoguswa, na ninaamini mlolongo wote unaeleweka.

Gari lenyewe ni dogo, la familia, lenye mlango wa buti unaofunguka kwenda juu. Gia ni otomatiki. Injini imelala kwa upana mbele, kama yalivyo magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya mbele. Lakini hili ni fowili ya muda wote, yaani magurudumu yote manne husukuma. Maandishi ya nyuma yaliyokuwa yanasema hivyo yalibanduka zamani, na jambo hilo dogo lina nafasi yake katika kisa hiki.

Fyuzi ya kijani

Wiki tatu kabla ya gari kukwama safarini, taa za breki ziliacha kuwaka. Mwenye gari, mama mtu mzima anayeendesha mwenyewe, alilipeleka kwa fundi. Fundi akakuta fyuzi nyekundu imekatika, akaweka nyekundu nyingine. Kesho yake ikakatika tena. Akaweka ya kijani, na hiyo haikukatika.

"Akaniambia imepona, mwanangu," mama alinieleza. "Na mimi nilivyoona taa zinawaka, nikasema Alhamdulillahi."

Haikupona. Ilinyamazishwa tu. Fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda taa wala redio, ipo kulinda waya. Imetengenezwa iwe sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme, ili umeme ukizidi, ife yenyewe kabla waya haujapata moto. Taa za breki za gari kama lile ni balbu mbili za wati 21 kila moja, na ya tatu ndogo juu ya kioo cha nyuma. Kwa betri ya volti 12, zote kwa pamoja hula ampea 4 au 5 hivi. Fyuzi ya 10 ina nafasi ya kutosha. Ikikatika, maana yake kuna mahali umeme unavuja kwa wingi kuliko mara mbili ya kinachohitajika. Ikikatika mara ya pili ndani ya siku moja, hakuna tena la kubahatisha: kuna shoti, yaani waya uliochunika unaovujisha umeme nje ya njia yake, na shoti hutafutwa.

Watu wengi hudhani tofauti ya 10 na 30 ni mara tatu. Kwa joto la waya sivyo. Joto hukua kwa mraba wa umeme unaopita, kwa hiyo waya uliozoea ampea 5 ukipitisha 25, joto lake halipandi mara tano, linapanda mara ishirini na tano. Waya ule wa taa za breki ni mwembamba. Ukiuwekea fyuzi ya 30, waya wenyewe ndio unageuka kuwa fyuzi, nao umefungwa pamoja na wenzake ndani ya mazulia na plastiki. Hivyo ndivyo magari yanavyowaka moto. Kinachowakosesha wengi ni kwamba fyuzi hizi bapa za ukubwa mmoja huingia tundu moja bila kujali ampea, kwa hiyo mkono hausikii kosa. Jicho tu ndilo linalosaidia: 5 ni hudhurungi iliyopauka, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe inayopenyeza mwanga, 30 kijani.

Shoti niliikuta pale ninapoanzia kuitafuta kila mara kwenye magari ya mlango wa aina hii. Kati ya bodi na mlango wa buti kuna mpira wa mikunjo, na ndani yake hupita nyaya za taa ya juu, kifuta kioo na kufuli. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zile hukunjwa, na baada ya miaka ngozi yake hupasuka. Waya wa taa ya breki ulikuwa umechunika na kugusa chuma, si kwa nguvu, kwa nyuzi chache tu. Ndiyo maana ulikuwa unavuta umeme mwingi wa kukata fyuzi ya 10, lakini usiotosha kukata ya 30.

Dakika ishirini za kukanyaga breki

Jioni ya tukio mama alikuwa na mwanawe. Gurudumu la mbele kushoto likapata pancha, wakasogea pembeni, kwenye mteremko kidogo. Breki ya mkono ya gari lile ilikuwa imelegea. Kwa hiyo mama alifungua nati, na kijana alikaa kwenye kiti cha dereva amekanyaga breki ili gari lisitembee. Jeki ikapanda, gurudumu likatoka, spea ikaingia, jeki ikashuka. Karibu dakika ishirini mguu wa kijana haukutoka kwenye pedeli.

Kabla ya umeme, hapa pana jambo ambalo lingeweza kuua. Mtu hakai ndani ya gari lililo juu ya jeki. Mtikisiko wake mmoja unatosha kuiangusha jeki, na aliyepiga magoti pale chini hana pa kukimbilia. Gari huzuiwa kwa gia ya P, ile ya kuegesha, breki ya mkono na jiwe au kipande cha gogo kwenye gurudumu la upande wa pili. Nati hulegezwa gari likiwa bado limekaa chini, kisha ndipo jeki hupanda. Gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya bodi karibu na jeki, ili gari likianguka liangukie juu yake. Breki ya mkono ikiwa mbovu na mahali ni mteremko, ni heri kusogea taratibu hadi penye tambarare hata kama tairi lenye pancha litaharibika.

Sasa umeme. Kila unapokanyaga breki, swichi ndogo iliyo juu ya pedeli hupitisha umeme kwenda nyuma. Kwa kawaida ni sekunde chache, waya unapoa, maisha yanaendelea. Kwa wiki tatu shoti ile ilikuwa inauchoma waya kidogokidogo, na jioni ile ikapewa dakika ishirini mfululizo. Kijana aliniambia alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akadhani ni tairi. Ngozi ya waya iliyeyuka ndani ya mpira wa mikunjo, na huku mbele vidole vya swichi ya breki viliungua hadi vikaacha kugusana. Fyuzi ya kijani ilitazama yote haya bila kukatika.

Walipomaliza, mama akawasha gari, akakanyaga breki, akavuta mkono wa gia. Haukutoka P.

Kwenye otomatiki nyingi, mkono wa gia hufungwa na kufuli ya umeme. Kufuli hiyo hupata ruhusa ya kufunguka kutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki. Swichi ikifa, gari halijui kwamba umekanyaga breki, na halikuruhusu kutoka P. Giaboksi haihusiki hata kidogo. Kwa hiyo mkono wa gia ukigoma kutoka P, kabla ya kumpigia mtu yeyote mwambie mwenzako atazame nyuma ya gari wakati unakanyaga breki, na kama uko peke yako na nyuma yako kuna ukuta, tazama mwanga wake kwenye kioo. Taa za breki zisipowaka, ugonjwa umeshajitaja. Jambo hili halihitaji spana wala mita, na lingeokoa kila kilichofuata.

Mpita njia mmoja alisimama kusaidia. Alikuwa na wazo zuri: alifungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa ya taa za breki, akaimulika. Nzima. "Umeme uko sawa," akasema, "hii ni giaboksi." Nusu ya kwanza ya fikra yake ilikuwa ya kifundi kabisa. Lakini fyuzi nzima inathibitisha jambo moja tu, kwamba fyuzi ni nzima. Haisemi kama umeme unafika kwake, wala kama unafika kule unakokwenda. Juu ya kila fyuzi bapa kuna vitundu viwili vinavyoacha chuma wazi, na hapo ndipo tunapogusa kwa taa ya kupimia. Ikiwaka pande zote mbili, fyuzi inapitisha, na sasa unaufuata umeme mbele. Nilipofanya hivyo, nilipata volti 12 pande zote mbili, nikapata volti 12 zikiingia kwenye swichi ya breki, na sikupata chochote upande wa kutoka hata nilipokanyaga pedeli hadi chini.

Mpita njia alipendekeza wafunge kamba wavute. Mama alikataa, na nilimpongeza. Injini ikiwa imezimwa, breki hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara mbili au tatu tu, kisha pedeli huwa ngumu kama jiwe. Usukani huwa mzito. Funguo ikitolewa, usukani hujifunga. Na otomatiki ikivutwa magurudumu yake ya kusukuma yakiwa chini, giaboksi huzunguka bila mafuta, kwa sababu pampu ya mafuta yake huendeshwa na injini.

Magurudumu mawili juu, mawili chini

Brekidauni iliyokuja ilikuwa ya kunyanyua ekseli moja. Dereva alitazama chini ya boneti, akaona injini imelala kwa upana, akasema hili ni la kusukuma mbele. Hakuna maandishi nyuma yaliyomkatalia. Akanyanyua magurudumu ya mbele, mkono wa gia ukiwa palepale P, akaondoka.

Kama gari lingekuwa la kusukuma mbele tu, alichofanya kilikuwa sahihi. Lakini fowili ya aina hii ina propela, mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, na katikati yake kuna kapulingi, kiunganishi kilichojaa sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka kwa kasi karibu sawa, sahani hupitana kwa ulaini. Tofauti ikizidi, mafuta hupata joto, hutanuka, na kapulingi huuma ili kupeleka nguvu upande wa pili. Imetengenezwa kwa tofauti ndogo na ya muda mfupi, kama gurudumu moja kuteleza kwenye tope. Hapa upande wa mbele ulikuwa umesimama kabisa, umefungwa na P, na upande wa nyuma unazunguka kwa kasi ya barabara. Dereva aliniambia alikuwa anakwenda kilomita 60 hadi 70 kwa saa.

Hawakufika hata kilomita 15. Kapulingi ilichemka na kufunga. Magurudumu ya nyuma, ambayo sasa yalikuwa yameshikana na magurudumu ya mbele yasiyozunguka, yakaanza kuburuzwa. Ndani ya gari hapakuwa na mtu wa kusikia mtetemo. Tairi la nyuma kulia likapasuka.

Hapa pana ubishi. Dereva wa brekidauni alishikilia kwamba tairi lilipasuka kwa uzee, na alikuwa na ushahidi mkononi. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mna kiduara chenye tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lile liliandikwa 1914: wiki ya 19 ya mwaka 2014. Lilikuwa na miaka tisa. Meno yake yalibaki milimita 5, wakati nchi nyingi huruhusu hadi milimita 1.6, kwa hiyo mama aliamini matairi yake bado mazuri. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa bila kutembea. Hukauka, huwa mgumu, hupata mipasuko myembamba kama ya udongo uliokosa maji. Watengenezaji wengi wa matairi husema likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5, na likifika 10 litolewe hata kama linapendeza machoni, spea ikiwemo. Kwenye mipasuko nilimkubalia.

Sikumkubalia kwenye chanzo. Tairi linalokufa kwa upepo mdogo au uzee hupata joto kwenye mbavu na huchanika kwa mzunguko, mara nyingi likiacha ukanda wa meno barabarani. Hili lilikuwa limesagwa mahali pamoja, eneo la kiganja cha mkono, hadi nyuzi za ndani zikatokeza. Sehemu nyingine ya mzunguko ilikuwa na milimita zake 5 zilezile. Na lile la kushoto, ambalo halikupasuka, lilikuwa na bapa kama hilo, jembamba zaidi. Gurudumu linalozunguka haliwezi kusagwa mahali pamoja. Hilo ndilo lililonipeleka chini ya gari kutazama propela, na hapo nikaona kapulingi imebadilika rangi kwa moto. Tairi jipya pengine lingevumilia kilomita chache zaidi, lisingeiokoa kapulingi.

Kuitambua fowili hakuhitaji maandishi. Inama nyuma ya gari: ukiona difu, lile bonge la chuma lenye gia, katikati ya magurudumu ya nyuma na propela inayoifuata kutoka mbele, wakati injini iko mbele kwa upana, hilo ni fowili. Linabebwa zima mgongoni mwa lori, au ekseli ya pili inawekewa vigari vidogo vya magurudumu. Magari ya umeme na mengi ya mseto nayo hutaka hivyohivyo, kwani mota zake zimeunganishwa na magurudumu na huzalisha umeme yakiburuzwa.

Nilichokitengeneza

Nilibadilisha swichi ya breki, nikakata nyaya zilizoungua ndani ya mpira wa mikunjo na kuunga mpya, nikaweka fyuzi nyekundu. Nikakanyaga breki, mkono wa gia ukatoka P kama siku ya kwanza. Mafuta ya giaboksi yalikuwa mekundu, hayana harufu ya kuungua. Giaboksi iliyosemwa imekufa haikuwa na tatizo lolote. Kwa kuwa magurudumu ya mbele yalikuwa juu, haikuzunguka hata mara moja njiani.

Kapulingi ililazimika kubadilishwa. Matairi yote manne pia, si kwa anasa: fowili ikipewa matairi yenye mizunguko tofauti, kapulingi hufanya kazi muda wote na kufa mapema. Nilizikaza nati kwa mfuatano wa nyota, na nikamwomba mama arudi baada ya kilomita 80 nizipime tena. Spea yao nyembamba ilitakiwa upepo wa bar 4.2, yaani psi 60. Ilikuwa na nusu yake. Spea hizo zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa hata zikiwa zimejaa. Zikiwa nusu, hata kona ya kawaida ni hatari. Nimeizoea hali hii kiasi kwamba kila gari linaloingia kwangu napima upepo matano, si manne.

"Sasa fundi," mama aliniuliza, "ningejuaje mimi kwamba kijani ni mbaya?"

Nilimjibu kwamba hakutakiwa kujua. Aliyeiweka ndiye aliyetakiwa. Ni mwenzangu katika kazi, na nimezungumza naye ana kwa ana. Alisema wateja hukasirika wakirudi mara mbili kwa fyuzi ileile, na kutafuta shoti huchukua nusu siku. Naelewa uchungu wa nusu siku hiyo, nimeulipa mara nyingi. Bado nilimwambia kwamba kama hana muda, amrudishie mteja gari na fyuzi nyekundu iliyokatika, amweleze kwa maneno kwamba kuna shoti haijapatikana. Gari lisilo na taa za breki linajulikana ni bovu.

Nilimwonyesha mama kisanduku kilipo, karibu na goti la dereva, na koleo dogo la plastiki la kuchomolea lililobanwa ndani ya kifuniko. Nikamwekea nyekundu mbili za akiba. Nikamwonyesha pia kifuniko kidogo pembeni ya mkono wa gia. Ukikifungua na kubonyeza ndani kwa ncha ya funguo huku umekanyaga breki, mkono unatoka P hata kufuli ikiwa imekufa. Nikamsisitizia kwamba hiyo ni ya kuliondoa gari mahali pa hatari, si ya kuendelea na safari usiku bila taa za breki.

Baada ya wiki kadhaa alinipigia simu. "Mwanangu, ile nyekundu imekatika. Niliweka moja ya akiba, nayo ikakatika. Sijaweka ya tatu. Nimeliacha nyumbani."

Nilikwenda na mita. Ndani ya mpira wa mikunjo palikuwa na waya mmoja niliouacha mara ya kwanza kwa kuwa ulionekana mzima. Nilipoukunja kwa vidole, ngozi yake ilifunguka na shaba ikaonekana. Nilipaswa kuukunja siku ile ile. Niliutoa, nikabadilisha nyaya zote zinazopita pale hadi ule wa kufuli, nikafungua na kufunga mlango wa buti mara hamsini huku kijana amekanyaga breki na mimi natazama mita. Ampea 4 na kitu, bila kuyumba. Nikarudisha nyekundu.